Mtaka cha Mvunguni: Trela la Mizigo Linapogeuzwa Nyumba ya Porini



Ukipita pembezoni mwa miji ya Marekani utayaona kila kona: masanduku meupe ya alumini yenye matairi mawili au manne, mengine yameegeshwa ubavuni mwa nyumba, mengine yanavutwa na pikapu. Seremala hubebea misumeno yake humo. Mkata nyasi hubebea mashine zake. Bendi ya muziki hupakia spika na ngoma, na makanisa yasiyo na jengo lao, yale yanayokodi ukumbi wa shule kila Jumapili, hutunza humo viti na kinanda. Ni trela la mizigo, chombo kisicho na maringo wala madirisha.

Sasa wapo walioliangalia sanduku hilo wakasema: humu nitaweka kitanda, jiko na taa, nilivute mpaka jangwani, nikakae huko bila kusikia redio ya jirani. Si wachache, na wala hawana wazimu. Trela la kambi lililotoka kiwandani likiwa tayari kwa njia mbovu huuzwa bei ya gari zima, ilhali sanduku tupu la mizigo hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Tena mahali pa kwenda papo. Idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, Bureau of Land Management, ina takriban ekari milioni 245, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi kama Nevada, Utah na Wyoming. Katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu huruhusiwa kupiga kambi bila malipo hadi siku 14 katika kipindi cha siku 28, kisha ahame. Kinachobaki ni kufika tu, na njia za kufikia huko ni za kokoto, mawe, mchanga na makorongo yaliyochimbwa na mvua ya mwaka juzi.

Hapo ndipo penye mazungumzo yangu ya leo. Wengi wanaogeuza trela huanzia ndani. Mtu ananunua godoro kwanza. Anachagua rangi ya makabati, anabishana na mkewe juu ya mahali pa sinki, anabandika taa ndogondogo darini, anapiga picha. Ikifika zamu ya kulala chali chini ya trela na kutazama kinachoibeba nyumba hiyo, fedha zimekwisha, na hamu nayo imekwisha. Wahenga walishasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi tuiname kidogo, tuone kuna nini huko chini.

Tuanze na kibati cha uzito. Kila trela linalouzwa kule hubandikwa kibati kinachotaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, sanduku pamoja na shehena yake. Chukua lile dogo linalopendwa na wengi, la futi 6 kwa futi 12, lenye ekseli moja. Ekseli yenyewe imetengenezwa kubeba ratili 3,500, yaani karibu kilo 1,590. Lakini ukisoma kibati, mara nyingi utakuta 2,990, kama kilo 1,356. Namba hiyo ya ajabu haikutoka kwa mhandisi. Majimbo mengi yanadai trela liwe na breki zake lenyewe likifika ratili 3,000, kwa hiyo mtengenezaji amekaa ratili kumi chini ya mstari ili aikwepe gharama. Ndiyo kusema matrela mengi ya aina hiyo hutoka dukani bila breki hata moja. Kazi yote ya kusimamisha mzigo ni ya gari lililo mbele. Kwenye lami tambarare mtu huweza kuvumilia. Kwenye mteremko wa kokoto, nyuma yako kukiwa na tani moja na ushee inayokusukuma kiunoni, hakuna cha kuvumilia. Breki za umeme hufungika bila taabu kubwa iwapo ekseli ina bamba la kuzipokea, na mimi ningezifunga kabla ya kununua hata mto wa kulalia.

Sasa hesabu. Sanduku tupu la ukubwa huo lina kilo 500 na kitu. Ukilitoa kwenye uzito wa kibati unabakiwa na kama kilo 800 za kuchezea. Zinaonekana nyingi, lakini subiri. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, ina karibu kilo 30, na kitanda, makabati na meza vitakula karatasi nne au tano kabla hujashtuka. Maji hayana mjadala: lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 100 ni kilo 100, mbali na tangi lenyewe. Bado friji, betri, mitungi ya gesi, godoro, vyakula, nguo, tairi la spea, na yale makorokoro ambayo kila mtu huapa hatayabeba. Utaniambia hesabu bado inakubali. Ndiyo, inakubali kwenye lami.

Jeshi la Marekani lilikuwa na utaratibu wa busara katika jambo hili. Lori lake la M35, lile lililojulikana kama lori la tani mbili na nusu, lilipewa jina hilo kwa mzigo lilioruhusiwa kubeba nje ya barabara. Kwenye barabara nzuri lori hilohilo liliruhusiwa tani 5. Mara mbili! Chuma ni kilekile, springi ni zilezile. Kilichobadilika ni ardhi. Trela la kiraia hulisomi hivyo. Namba iliyo kwenye kibati chake ni ya barabara iliyonyooka, na muuzaji hana sababu ya kukukumbusha. Kwa hiyo anayeingia nalo kwenye mawe na ajipangie nusu ya shehena ile. Kilo 400, si 800. Hapo ndipo utaona kabati la tatu halina kazi.

Na kwa kuwa jeshi limetajwa, nikupe kisa cha kiwanda kimoja. American Bantam, kampuni ndogo ya magari iliyokuwa Butler, Pennsylvania, ndiyo iliyotengeneza jeep ya kwanza ya majaribio na kuikabidhi jeshini Septemba 1940. Gari lilipendwa, lakini kiwanda kilionekana kidogo mno kwa vita vilivyokuwa vinakuja, na mikataba minono ikaenda kwa Willys na Ford. Bantam wakaambulia kutengeneza vitrela vya kuvutwa na jeep hizo. Kifuta machozi, ukipenda kuita hivyo. Lakini angalia akili iliyokuwa ndani ya kitrela kile cha robo tani. Magurudumu yake yalikuwa sawa na ya jeep yenyewe, ukubwa uleule, nati zilezile, hivyo spea moja ilitosha magari mawili. Bodi lake halikupitisha maji, likaweza kuelea likivushwa mtoni, na sakafuni kulikuwa na vizibo vya kufungua ili maji ya mvua yatoke. Mbele kulikuwa na pete nene ya chuma iliyoingia kwenye ndoano ya gari, si gololi na kikombe kama matrela ya dukani. Baada ya vita viliuzwa kwa raia kama mali iliyozidi. Karibu kila jambo analoligundua leo mgeuza trela kwa gharama na jasho lilikuwa limeshapata jibu kwenye kitrela kile.

Tukirudi chini ya sanduku letu, matrela mengi ya mizigo siku hizi hutumia ekseli ya mpira. Kwa nje unaona bomba la mraba lililonyooka toka tairi moja hadi jingine. Ndani yake kuna chuma kingine cha mraba, chembamba zaidi, kilichogeuzwa ili pembe zake zitazame kuta za bomba, na katika zile nafasi nne zinazobaki kwenye kona zimesukumiziwa kamba nene za mpira. Tairi likipanda jiwe, mkono wake unakizungusha chuma cha ndani, chuma kinazibana kamba, nazo zinakirudisha kilipokuwa. Hakuna kinachosuguana, hakuna cha kupaka grisi isipokuwa beringi, na kwenye lami trela hutulia. Ubaya wake ni kwamba mpira ukichoka au mkono ukipinda huwezi kutengeneza chini ya mti. Unabadilisha ekseli nzima.

Springi za mabamba ni za kizamani na zinapiga kelele, lakini bamba likivunjika, fundi wa Nevada na fundi wa Namanga wote wanajua la kufanya. Tena zina njia rahisi ya kuinua trela: ekseli iliyolala juu ya springi unaihamishia chini yake, na trela linapanda sentimita kumi na zaidi kwa kazi ya siku moja. Hapa pana mtego. Ekseli nyingi za trela hazikunyooka kabisa. Zina upinde mdogo wa makusudi, katikati ikiwa juu kidogo, ili zikibeba mzigo zikae sawa. Asiyejua huipindua ekseli nzima juu chini, upinde unatazama upande usiofaa, na matairi yanalika upande mmoja mpaka nyuzi zinaonekana. Ekseli haipinduliwi. Huchomelewa vikalio vipya vya springi upande wa pili, basi.

Ipo na njia ya tatu, ambayo kampuni ya Timbren ya Kanada imeipatia jina: hakuna ekseli kabisa. Kila tairi lina mkono wake uliofungwa kwenye chasisi, na juu ya mkono kuna mto mnene wa mpira unaopokea kishindo. Katikati panabaki wazi, hakuna bomba la kugonga jiwe. Inavutia, na watu wa jangwani wanaipenda. Lakini ile ekseli uliyoitupa ilikuwa na kazi nyingine isiyoonekana: ilizishika pande mbili za chasisi zisipindane. Chasisi ya trela la mizigo ni vyuma vyembamba vilivyokadiriwa kwa uchumi. Ukiondoa ekseli, lazima uchomelee chuma imara cha mtambuka mahali pake, la sivyo nyufa zitaanzia kwenye maungio.

Nisingependa ulinyanyue trela kupita kiasi. Sanduku lenyewe ni refu, na kila sentimita unayoongeza chini inalisogeza karibu na kulala ubavu kwenye njia ya mwinamo. Watu wanapenda muonekano huo, trela jeusi lililopandishwa juu na madumu ya petroli yamefungwa ubavuni. Mawe hayajali muonekano.

Kisha kuna zile barabara zilizofanya mikunjo kama bati. Mwaka 2007 wanafizikia, akiwamo Stephen Morris wa Chuo Kikuu cha Toronto, walichapisha majaribio ya gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga, wakaonyesha kwamba mikunjo hiyo huzuka yenyewe mara tu mwendo unapozidi kiwango fulani kidogo. Si uzembe wa mkandarasi peke yake. Kwa hiyo popote penye barabara ya vumbi na magari yanayokimbia, utaikuta. Trela la kawaida la springi halina shokapu, na mtikisiko huo unapita moja kwa moja hadi kwenye skrubu ya mwisho ya kabati. Dawa yake ni kupunguza upepo kwenye matairi, kupunguza mwendo, na kufunga shokapu ikiwezekana. Ukifika lami, unajaza upepo tena.

Sasa tuje mbele, kwenye mkono wa trela. Gololi ya inchi 2 na kikombe chake ni kifaa kizuri barabarani, ila kina kikomo: gari likiinama huku na trela likiinama kule, kikombe hugonga shingo ya gololi na kuanza kukunja chuma. Ndiyo maana wenzetu wa Australia na Marekani wamebuni viungo vinavyozunguka pande zote, na ndiyo maana Bantam walitumia pete. Jambo la pili la hapo ni uzito unaoukalia mkono. Kanuni inayofuatwa kule ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Likiwa na kilo 1,000, basi kilo 100 hadi 150 ziwe juu ya gololi. Zikipungua, trela huanza kuyumba mkia kwenye mwendo wa barabara kuu, na kuyumba huko kukishakolea dereva hana usemi tena. Sasa fikiria mtu aliyejenga jiko lake zuri nyuma kabisa, mlangoni, akaweka na tangi la maji hapohapo ili bomba liwe fupi. Tangi likae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Bomba refu ni bei ndogo ya kulipa.

Sanduku lenyewe lina hila zake. Ngozi yake ni alumini isiyofika milimita moja, imeshikizwa kwa skrubu kwenye nguzo za chuma. Ikitikiswa siku nzima, tundu la skrubu hutanuka likawa yai, skrubu inalegea, na maji ya mvua yanapata njia. Ndani kuna plaiwudi. Plaiwudi hufyonza maji pembezoni, pale palipokatwa, na huvimba kimyakimya miezi mitatu kabla hujanusa ukungu. Siliba kila ukingo uliokatwa kwa rangi au gundi kabla ya kuufunga. Vumbi nalo: trela likienda, nyuma yake hewa hunyonywa, na vumbi huingia kwenye milango ya nyuma hata ukiifunga kwa kufuli mbili. Kidirisha kidogo cha hewa chenye kichujio, kikiwekwa juu mbele, hujaza hewa ndani na kulizuia vumbi. Hilo nimelipenda kwa urahisi wake.

Usiku watu wawili wakilala ndani, pumzi zao peke yake hutoa maji ya kutosha kuzilowesha kuta za chuma kwenye baridi ya jangwani. Wengi hubandika vipande vya povu gumu kati ya nguzo wakadhani wamemaliza, kumbe kila nguzo ya chuma imebaki wazi, baridi inapita hapo, na hapohapo maji yanatiririka. Zifunike nguzo pia. Na toboa dari. Tundu la inchi 14 kwa 14 ndilo kipimo cha feni za darini, pamoja na tundu jingine chini ili hewa iwe na pa kuingilia.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya sakafuni, kwa hiyo sehemu yenye mtungi iwe na tundu la chini la kutokea nje. Na moto wowote unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Sisi tunaijua vizuri mno hewa hiyo, kwa familia zilizoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kutoamka. Sanduku la futi 6 kwa 12 ni dogo kuliko vyumba vingi. King'ora cha kaboni monoksidi ni cha lazima. Pika nje.

Umeme sitaumaliza leo. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kama uniti moja na robo, inatosha friji ndogo na taa kwa siku moja hivi, na paneli ya sola itaijaza. Kumbuka tu kwamba betri hizo hazichajiwi joto likiwa chini ya nyuzi sifuri, na huko Utah, Januari si Tanga.

Najua wapo wasikilizaji huku kwetu wanaotazama video hizi kwenye simu na kuwaza kuliagiza trela kama hilo toka Marekani. Msihangaike. Mlango wake wa ubavuni uko upande wa kulia, upande wa ukingo wa barabara kwao. Kwetu tunaoendesha kushoto, utakuwa unashukia katikati ya magari. Taa zake za nyuma mara nyingi huchanganya breki na indiketa kwenye balbu moja nyekundu. Umeme wa ndani, ukiwapo, ni wa volti 120. Na usajili nao uko palepale: Kenya, kwa mfano, trela lina namba yake lenyewe, inayoanza na herufi Z. Marekani watu huanza na sanduku kwa sababu sanduku ni rahisi kupatikana na ufundi ni ghali. Kwetu ni kinyume chake. Gereji za Arusha na Nairobi zinazorefusha chasisi ya Land Cruiser kwa ajili ya watalii haziwezi kushindwa na trela. Mwambie fundi aanze na chasisi, afunge rimu na matairi sawa na ya gari lako, sanduku lije mwisho.

Kwa walioko Texas, Minnesota na kwingineko, ambao sanduku tayari wameshaliegesha nje: kabla ya kununua godoro, lipelekeni kwenye mizani. Vituo vya malori kule vina mizani ya umma, unalipa kidogo na unapewa risiti yenye uzito. Pima likiwa tupu. Ukimaliza kujenga, pima tena, maji yakiwa yamejaa na familia imepakia vitu vyake vyote, kisha pima mkono peke yake. Namba hizo tatu ziandike kwa rangi ndani ya mlango, mahali ambapo atakayelivuta baada yako ataziona.